Kuni za Baraka: uchambuzi wa kisa kimoja katika nyumba ya malezi ya watu wazima

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya walezi, wasimamizi wa vituo na maofisa ustawi wa jamii wenzangu. Majina si ya kweli, mji sikuutaja, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Baba mdogo wa mhusika ameridhia kiandikwe. Mhusika mwenyewe tulimwonyesha picha za jikoni na za nyumba. Alizipokea, akazipanga mezani kwa mfuatano, akaturudishia. Hilo sikulihesabu kuwa ridhaa, ndiyo maana nimefuta kila alama inayoweza kumfikia.

Nyumba na watu wake

Nyumba iko katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Juni na Julai hakuna anayetoka kitandani bila sweta. Ilianzishwa na parokia. Wanaishi humo watu wazima 11 wenye ulemavu wa akili, na wanne kati yao wana usonji pia. Mchana kuna walezi wawili, usiku mmoja. Familia zenye uwezo huleta gunia la mahindi au la viazi baada ya mavuno. Zisizo na uwezo hazidaiwi.

Naomba msomaji aelewe mapema kwamba hii ni nyumba nzuri. Nimekagua nyumba ambako watu wanavaa nguo ya yeyote iliyoanikwa karibu, na ambako hakuna ajuaye mkazi fulani alizaliwa lini. Hapa kila mtu ana blanketi lake lenye alama yake, na Sista msimamizi anajua nani hanywi chai ya moto na nani huogopa mvua ikipiga bati. Makosa nitakayoyasimulia yalifanywa na watu wema waliochoka. Mojawapo ni langu.

Baraka

Alikuwa na miaka 31. Alilelewa na mama yake kijijini, na mama alipofariki, baba mdogo akamleta kwenye nyumba hii, ambako alikuwa ameishi miaka minne. Ana maneno matano au sita ya kutamka. Ukimwambia "habari" hageuki. Ukimwambia "kamwene", salamu ya Wahehe na Wabena, anageuza shingo na kukutazama kwa pembe ya jicho. Kwa Baraka, huko ni kukuitikia kwa heshima.

Faili lake lilikuwa na kurasa nne. Lilisema ana usonji na ulemavu wa akili, hana kifafa, anakula vizuri, ni "mtulivu". Neno hilo "mtulivu" lilirudiwa katika ripoti zote za miaka minne, pamoja na mbili nilizoandika mimi. Hakuna aliyewahi kuuliza utulivu ule ulikuwa umekaa juu ya nini.

Gesi ilipokuja

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ifikapo 2034. Taasisi nyingi zilianza kuhangaika na kuni zao, na nyumba hii haikusubiri kusukumwa. Mei ya mwaka uliofuata mfadhili alitoa jiko la plati nne na mitungi miwili ya kilo 38. Kila mtu alishangilia, na kulikuwa na sababu: mpishi wa siku nyingi, tumwite Mama Upendo, alikuwa na macho mekundu na kikohozi kisichoisha kwa ajili ya moshi.

Jiko likahamishiwa ndani, mlango ukatiwa kofuli, kwa sababu wakazi wawili hupenda kugeuza kila kitu kinachogeuka na gesi haina mchezo. Jiko la nje, lile la mafiga, likafanywa stoo ya mahindi, nalo likafungwa. Mama Upendo akastaafu mwezi huohuo, akaletwa mpishi kijana anayejua gesi. Siku ya makabidhiano nilikuwepo. Nilipiga picha, nikasaini kitabu cha wageni, nikaandika "maendeleo makubwa".

Siku ya tatu mlezi alimkuta Baraka alfajiri amesimama mbele ya stoo, kiganja juu ya kofuli. Akamwondoa kwa upole, akampa chai. Kesho yake ikawa vilevile. Kitabu cha matukio kinasema: "Baraka anasumbua mlangoni." Wiki ya pili akaanza kugonga paji la uso kwenye ule mlango. Kitabu kinasema mara tatu kwa siku, kisha mara sita, kisha mlezi akaacha kuhesabu akaandika "mara nyingi". Akakataa maharage, halafu ugali. Usiku hakulala, alitembea koridoni pekupeku juu ya sakafu ya saruji, na baridi ya Juni imeshaingia.

Usiku mmoja mlezi wa zamu, binti wa miaka 22 aliye peke yake na watu 11, alimshika mkono ili amrudishe kitandani. Baraka akamng'ata. Jeraha lilihitaji kushonwa.

Uamuzi wa kwanza: kumfungia

Asubuhi yake walezi walikaa na Sista. Nimeusoma muhtasari wa kikao, na nimezungumza na wote waliohudhuria. Hawakuwa na hasira. Waliogopa: binti alikuwa analia na kusema harudi zamu ya usiku, na wakazi wengine walikuwa wameanza kujificha Baraka akipita. Wakaamua afungiwe chumbani kwake kuanzia saa mbili usiku hadi alfajiri, "kwa muda, hadi atulie". Chumba kilikuwa na ndoo na mablanketi mawili.

Muda huo haukuandikiwa mwisho. Haikuandikwa nani angemchungulia usiku na mara ngapi, wala nani angekuwa na mamlaka ya kusema sasa yatosha. Ulidumu siku 23.

Uamuzi wa pili: hospitali

Wiki iliyofuata alipelekwa hospitali, kitengo cha afya ya akili. Alisindikizwa na mlezi mwenye mwezi mmoja kazini, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na nafasi. Foleni ilikuwa ndefu, Baraka akapiga kelele, na walipoingia kwa daktari alikuwa amelala chini ya benchi. Daktari aliuliza ameanza lini, mlezi akasema, "Nimemkuta hivi hivi." Hakukuwa na barua, wala maelezo ya miaka minne ya utulivu. Daktari alikuwa na dakika chache na mtu mzima anayejipiga na kung'ata, akaandika haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, miligramu 5, asubuhi na jioni.

Siku tatu za kwanza Baraka alipoa, na nyumba ikavuta pumzi. Kisha mate yakaanza kumtoka, mikono ikakakamaa, akawa anatembea kama aliyebeba mzigo usioonekana. Halafu likaja jambo lililotupoteza wote: akawa hawezi kukaa hata dakika moja. Anakaa, anainuka, anakanyaga pale pale mguu kwa mguu, anakaa tena. Kitabu kikaandika, "Hali inazidi." Wakapiga simu hospitali, wakaeleza kwamba hatulii, dozi ikaongezwa.

Kuna kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe. Madaktari hukuita akathisia. Mtu anahisi ndani ya mwili msukumo usiomwachia nafasi ya kukaa, na anayeweza kusema hulalamika kwamba anachomwa ndani kwa ndani. Baraka hakuwa na maneno ya kulisema hilo. Aliloweza ni kutembea, na kutembea kwake ndiko kulikohesabiwa kuwa ugonjwa.

Nilipoitwa

Simu ya Sista niliipata Julai mwanzoni. Baba mdogo alikuwa amefika, akitaka kumchukua ampeleke kwenye maombi mahali fulani. Sista hakutaka kumpinga mwenye mtoto, ila moyo haukumtulia. Nilimsalimia mzee, tukakaa nje kwenye jua. Aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto hakuwa hivi. Marehemu dada yenu, mke wa kaka, alikuwa anamwachia nyumba nzima." Nilimwomba anipe wiki mbili. Akaniuliza kama katika wiki hizo mbili mlango utaendelea kufungwa kwa nje. Nilikuwa sijaambiwa kuhusu mlango.

Kofuli la chumbani tulilitoa siku hiyohiyo. Badala yake tuliomba parokia mlezi wa pili wa usiku kwa mwezi mmoja, na akina mama wa jumuiya wakapangana zamu. Pesa haikuwepo, watu walikuwepo.

Jambo la pili lilikuwa mwili wake. Mtu asiyeongea akibadilika ghafla, kwanza mtazame mdomoni, masikioni, tumboni, miguuni. Jino bovu limewafanya watu wengi waitwe wakorofi. Tuliomba tabibu wa kituo cha afya aje nyumbani, maana hospitali ilishakuwa mahali pa hofu kwake. Meno yalikuwa salama. Paji la uso lilikuwa na kidonda chenye usaha chini ya gaga. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hakuwa amepata choo kwa siku nyingi, na hakuna aliyejua ngapi, kwa sababu usiku alitumia ndoo na mchana hakufuatwa. Alikuwa amepungua kutoka kilo 61 hadi 54.

Safari hii hospitali nilikwenda mwenyewe na Sista, bila Baraka kwanza, tukiwa na barua ya ukurasa mmoja: alivyokuwa kwa miaka minne, lini alibadilika, dawa ilipoanza, kilichofuata siku kwa siku. Daktari yuleyule aliisoma mara mbili. Akasema, "Hii barua ingekuja siku ile, nisingeongeza dozi." Akaandika benzeksoli ya kulegeza mkakamao, akapanga namna ya kupunguza haloperidoli kidogo kidogo hadi kuiacha. Choo kilitibiwa, kidonda kikaoshwa kila siku. Ndani ya siku kumi mate yalikoma na Baraka akaweza kukaa.

Lakini kila alfajiri alirudi palepale, mkono juu ya kofuli la stoo. Mahindi yale hayakumhusu, na hakuna kati yetu aliyejua alichokuwa anakitaka nyuma ya mlango ule.

Siku Mama Upendo alipokuja kusalimia

Alikuja na kikapu cha viazi, kama mtu anavyokwenda kuwajulia hali watu wake. Baraka alipomwona alimwendea moja kwa moja, akamshika mkono, akauweka juu ya kofuli. Mama Upendo akacheka kidogo, akasema, "Unataka kuleta kuni, baba? Kuni zimekwisha siku hizi." Halafu akatutazama, akaona nyuso zetu, akaacha kucheka.

Tukakaa naye saa nzima. Alitueleza kwamba kwa miaka minne, kila siku, Baraka aliamka kabla ya watu wote na kumngoja mlangoni pa jiko. Yeye akifungua, Baraka alikwenda kwenye rundo la kuni za miti ya miwati nyuma ya nyumba na kuleta kuni mbili mbili, moja kila mkono. Alizipanga ukutani kwa unene, nyembamba kushoto. Kila aliposhusha, Mama Upendo alisema, "Asante Baraka, moja," "Asante Baraka, mbili," hadi kumi. Zikifika kumi, Baraka alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga na kuota moto hadi chai iive. Saa tano alileta nyingine kumi za ugali. Jioni nyingine kumi. Maharage aliyokula yalikuwa ya moshi, yaliyochemka toka asubuhi kwenye chungu.

Kwa hiyo mwezi Mei, kwa siku moja, Baraka alipoteza kazi yake, sehemu yake ya kukaa, moto wake baridi ikiingia, ladha ya chakula chake, na mtu aliyetaja jina lake mara thelathini kwa siku. Akaja mlangoni kutuuliza. Tukampa chai, tukamfungia, tukampa vidonge.

Sista alilia. Mimi nilikwenda kwenye kitabu cha wageni, nikaisoma ile "maendeleo makubwa" kwa mwandiko wangu.

Jaribio lililoshindwa

Tulifanya haraka, na haraka ikatuangusha. Kesho yake tulinunua mkokoteni wa kuni, tukazimwaga nyuma ya nyumba, tukamwonyesha Baraka azipange kwenye kibaraza. Alizipokea kwa shauku. Alizipanga kwa unene, nyembamba kushoto, hadi kumi. Kisha akasimama akitazama huku na huku. Hapakuwa na mafiga, hapakuwa na sufuria, hakuna mtu aliyekuwa anazingoja. Mlezi mmoja, kwa nia njema kabisa, akazibeba na kuzirudisha kwenye rundo ili azilete tena. Baraka alijipiga siku hiyo kuliko siku yoyote iliyoandikwa.

Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani nimeliona katika vituo vingine pia: watu kupewa shanga za kutunga ambazo jioni hufumuliwa, karatasi za kukunja zisizokwenda popote. Tunadhani kwa kuwa mtu ana ulemavu wa akili hatajua kwamba kazi yake haina mwisho. Baraka alijua kuni ni za moto. Tulimdanganya, akatujibu.

Jiko la maji

Hakuna aliyetaka kurudisha mapishi yote kwenye kuni. Moshi ule ulimharibu Mama Upendo, na mpishi mpya ana mimba. Ila palikuwa na kazi moja ambayo gesi iliishindwa: maji ya kuoga. Watu 11, asubuhi yenye baridi ya kuuma vidole, wanahitaji kila mmoja ndoo ya maji ya moto, na gesi iliyoisha kwa hayo ilikuwa imeanza kumtisha Sista kila mwisho wa mwezi. Walezi walikuwa wameshaanza kuwaogesha wakazi kwa maji ya uvuguvugu, tena siku moja ndiyo, moja hapana.

Fundi alijenga jiko banifu la matofali kwenye kibaraza cha stoo, lenye bomba la kupeleka moshi juu ya paa na nafasi ya sufuria kubwa mbili. Stoo ikahamishwa, mlango ule ukafunguliwa, kigoda kikarudi mahali pake. Mama Upendo alikuja asubuhi sita mfululizo. Parokia ilimlipa nauli na posho. Siku tatu za kwanza alihesabu yeye. Siku tatu zilizofuata alikaa kando, mpishi mpya akahesabu, Baraka akimtazama huyu na yule. Siku ya saba Mama Upendo hakuja. Baraka alileta ukuni wa kwanza, akausimamisha mkononi bila kuushusha. Mpishi akasema, "Kamwene Baraka. Asante, moja." Akaushusha.

Hali ilivyobadilika

Kugonga paji kulipungua wiki ile ya kwanza ya jiko, na wiki ya tano ilipita bila hata mara moja. Alirudi kulala, ingawa bado huamka saa tisa na nusu na kukaa kitandani akingoja. Haloperidoli ilimalizika mwisho wa Agosti. Uzito ulifika kilo 58 mwezi Oktoba na umesimama hapo. Maharage ya gesi hayagusi hadi leo. Mpishi humchemshia ya kwake pembeni mwa sufuria ya maji ya kuoga, na wakazi wawili wengine sasa wanataka hayo hayo.

Yapo yasiyorudi. Ana kovu la rangi nyeupe juu ya nyusi ya kulia. Akisikia kofuli likifungwa popote katika nyumba, anaziba masikio. Binti aliyeng'atwa aliacha kazi, na tulipoteza mlezi ambaye kwa miaka miwili alikuwa hodari. Hakuna aliyekaa naye kumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Hilo tulipaswa kulifanya wiki ileile.

Uchambuzi: kitabu kilichoandika shari tu

Nilirudi kwenye vitabu vya matukio vya miaka minne ya kabla ya gesi nikitafuta jina la Baraka. Lilionekana mara mbili: aliteleza akaumia goti, na aliumwa malaria. Kuni hazimo, kigoda hakimo. Tumewafundisha walezi wetu kuandika linapotokea jambo, na siku isiyo na jambo wanaandika "wote salama". Kumbe ndani ya "wote salama" ndimo maisha ya mtu yalimokuwa. Mama Upendo hakuwa mlezi kwa cheo, hivyo hakuingia kwenye makabidhiano ya zamu. Alikuwa anashika sehemu kubwa ya malezi ya mtu mmoja, na alipostaafu aliondoka nayo, kwa sababu hakuna aliyemwomba aiseme.

Sasa kila mkazi ana ukurasa mmoja wa siku yake ya kawaida. Haukuandikwa na msimamizi peke yake; mpishi, mlinzi, anayefua na ndugu wanaokuja kutembea wote waliulizwa: huyu anaanzaje siku, anakaa wapi, nani humtaja jina, mikono yake inafanya nini, kipi kikikosekana anakwenda kukitafuta. Katika kuandika kurasa hizo tuligundua kwamba mkazi mwingine, mama wa miaka 45 aliyeonekana hana kazi, ndiye anayewapeleka kuku bandani kila jioni. Palikuwa na mpango wa kuwauza kuku.

Kanuni tuliyoiweka ni hii: kabla ya kubadili chumba, chakula, mtu au saa, kurasa zote 11 zinasomwa, na inaulizwa mabadiliko yanamgusa nani. Ingelikuwapo Mei ile, Baraka angeonyeshwa jiko jipya kwa picha, Mama Upendo angepunguza siku taratibu, na jiko la maji lingejengwa kabla mlango haujafungwa. Gharama ilikuwa ileile.

Uchambuzi: dawa

Simlaumu daktari kwa kuandika dawa. Alipewa maelezo ya dakika moja. Ila walezi wajue mambo mawili. Hakuna kidonge kinachoponya usonji wala ulemavu wa akili. Na kwa mtu anayeshambulia bila kuwa na ugonjwa wa akili, nguvu ya dawa hizi ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2008 Peter Tyrer na wenzake walichapisha katika The Lancet jaribio la watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili huko Uingereza na Australia. Wengine walipewa haloperidoli, wengine risperidoni, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 4 mashambulizi yalipungua kwa wote, na yalipungua zaidi kwa waliopewa vidonge vitupu. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 unataka dawa ya namna hii ipimwe faida yake baada ya wiki 3 hadi 4, na iachwe kama wiki 6 zimepita bila nafuu. Kwa Baraka tarehe ya kurudi haikuandikwa. Kosa hilo lilikuwa la kwetu pia, kwani sisi ndio tunaoishi naye na tungeweza kuuliza: tukianza, tutajuaje kama inamsaidia, na tutaacha lini? Wala dawa hiyo isiachwe ghafla nyumbani bila daktari.

Uchambuzi: mlango

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Maandishi hayo nayajua kwa moyo na nimeyafundisha kwenye semina. Lakini katika nyumba ninayoikagua mtu alifungiwa usiku 23 na sikujua, kwa sababu fomu yangu ya ukaguzi iliuliza idadi ya vitanda, vyoo na vizima moto. Haikuuliza ni milango ipi inafungwa kwa nje. Sasa inauliza, na ninazunguka mwenyewe kutazama makomeo.

Najua hoja ya walezi: mlezi mmoja, watu 11, usiku. Ni hoja ya kweli, na ndiyo sababu jibu letu la kwanza lilikuwa kumtafutia mwenzake. Kofuli lilikuwa linafanya kazi ya mtu aliyekosekana.

Uchambuzi: kilichofaa

Kutazama mwili kabla ya kutafuta sababu za mbali kulimwondolea maumivu ambayo jiko lisingeyaponya. Barua ya ukurasa mmoja ilifanya kazi kubwa kuliko safari nne za bajaji. Kazi ya kweli, yenye watu wanaoingoja, ilishika pale ambapo kazi ya bandia ilivunjika. Na kukabidhiana kwa siku sita, yule wa zamani akiwa bado amekaa pale, kulimpa Baraka nafasi ya kuhamisha imani yake kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Nadhani siku hizo sita ndizo zilizobeba kila kitu, na ndizo bajeti nyingi zingezifuta kwanza.

Bahati pia ilikuwepo. Kama Mama Upendo angehamia kwa mwanawe Tunduma, au angekuja siku Baraka amelala, tungekuwa bado tunapanga dozi.

Yaliyo mbele

Mvua zilipoanza Desemba, kuni zililowa. Baraka hakubali ukuni mbichi. Anaugusa, anaurudisha, na kumi hazitimii, maji hayachemki, wakazi wanaoga saa nne. Asubuhi mbili walezi waliamua kumalizia kwa gesi bila kumwambia, na siku zote mbili alikaa kwenye kigoda hadi adhuhuri. Vijana wa parokia wameezeka kibanda cha bati juu ya rundo la kuni. Njia kutoka kibandani hadi jikoni bado ina tope, na wiki hii imemwagwa changarawe.

Machi mpishi anakwenda likizo ya uzazi. Atakayemshikia nafasi ameshausoma ukurasa wa Baraka, na juma lililopita alikuja kukaa jikoni asubuhi tatu. Mbili za kwanza Baraka alimpita kama mtu apitaye nguzo. Ya tatu alisimama mbele yake na ukuni mmoja mkononi, akasubiri ahesabu.